Mkakati wa uzalishaji unaoonekana kwenye faida: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wakuu, tatizo ni lile lile kila mwaka. Kampuni kubwa inakaa hotelini siku mbili, inatoka na mkakati wa uzalishaji umejaa maneno matamu, ubora wa hali ya juu, bei nafuu, kasi, bidhaa za kila aina, mteja kwanza, halafu watu wanarudi kiwandani na mashine zinaendeshwa vile vile kama juzi. Mwisho wa mwaka mkurugenzi wa fedha anauliza huo mkakati umeleta shilingi ngapi, kimya.

Ukiisoma vizuri hiyo mikakati utaona haijakataa kitu chochote. Imekubali kila mteja, kila saizi, kila tarehe, kwa bei ya chini. Kiwanda hakiwezi hivyo, na bahati mbaya mashine haijui kusema hapana, inasimama tu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho: kiwanda kikubwa cha mabomba ya plastiki pale Dar. Ni cha kuchora tu na namba zake nimezitunga ili hesabu ionekane. Kama wewe ni wa saruji, mabati, sabuni au unga badilisha majina, njia ni ile ile.

## Andaa hivi kwanza

- Mauzo ya miezi 12, kila bidhaa na kila mteja, kutoka kwenye invoisi. Usichukue zile za kwenye slaidi za mkutano.
- Daftari au fomu za mashine: ilianza saa ngapi, ilisimama saa ngapi, kwa nini.
- Hesabu ya stoo ya malighafi na ya godauni la bidhaa, pamoja na umri wa mzigo.
- Gharama za kila bidhaa, zile zinazopanda na kushuka na uzalishaji zikae peke yake, zile za kudumu peke yake.
- Orodha ya wadeni na siku zao.
- Oda mlizozikosa. Hakuna anayeiandika hii, kwa hiyo anza leo.
- Watu wanne chumba kimoja: mauzo, mhasibu, fundi mkuu, mtu wa stoo. Akikosekana mhasibu ahirisha kikao, maana bila yeye mtatoka na mkakati wa kiwanda usio na hela ndani yake.

Programu ya kutisha haihitajiki. Eksel na ubao vinatosha kabisa.

## Hatua ya 1: Gawa wateja kwa namna wanavyonunua

Wengi wanagawa kwa bidhaa, mabomba madogo huku, makubwa kule. Haisaidii sana, kwa sababu bomba lile lile linaweza kununuliwa na watu wawili wenye shida tofauti kabisa.

Kwenye mfano wetu kuna makundi mawili. La kwanza ni makandarasi wa miradi ya maji, oda moja kubwa, saizi chache, tarehe imeandikwa kwenye mkataba. La pili ni maduka ya hadweya, Kariakoo mpaka mikoani, anapiga simu saa 3 asubuhi anataka saizi kumi na mbili, kidogo kidogo, na gari lipakie leo leo.

Makundi yakizidi manne mmeanza kuchezea Eksel. Rudini nyuma.

Mmefanikiwa kama kila mteja mkubwa ana kundi lake bila ubishi, na kila kundi mnajua mauzo yake, tani zake na siku zake za kulipa.

## Hatua ya 2: Tenganisha kinachokuingiza mlangoni na kinachokupa oda

Haya mawazo ni ya Terry Hill, profesa Mwingereza, na ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote. Kuna vitu ukivikosa hata hufikiriwi, lakini ukiwa navyo havikupi ushindi kwa sababu na wenzako wanavyo. Halafu kuna kitu kimoja au viwili ndivyo vinavyomfanya mteja akuchague wewe.

Kwa mkandarasi, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na vyeti vya vipimo ni tiketi ya kuingia tu. Hakuna anayekulipa zaidi kwa kuwa nayo. Kinachokupa oda ni bei, na nyuma yake uhakika wa tarehe, maana mtaro ukishachimbwa na mabomba hayajafika vibarua wanalipwa kukaa.

Kwa duka la hadweya, bei ikiwa karibu na ya wengine inatosha. Anachotaka ni kukuta saizi zote. Ukikosa elbo ya nusu inchi anaenda kununua vyote kwa mwingine, hata yale mabomba uliyokuwa nayo.

Onyo hapa: usiwaulize watu wa mauzo peke yao. Wao kila oda iliyopotea ilipotea kwa bei, siku zote, hata kama mzigo ulichelewa wiki tatu. Chukua oda 20 zilizopotea, mpigie mnunuzi mwenyewe, muulize amenunua wapi na kwa shilingi ngapi. Mara nyingi utakuta alinunua kwa bei ya juu kuliko yako. Hapo ndio mkakati unaanza.

## Hatua ya 3: Gawanya pointi 100

Andika vitu vitano ubaoni: gharama, ubora, uhakika wa tarehe, kasi, na wingi wa aina. Kila kundi la wateja ligawiwe pointi 100 juu ya hivyo vitano, na ni marufuku kutoa 20, 20, 20, 20, 20. Mkurugenzi akilazimisha hivyo basi mkakati hamna, mkanywe chai.

Sisi tumepata hivi. Makandarasi: gharama 45, tarehe 30, ubora 15, kasi 5, aina 5. Maduka: aina 40, kasi 30, gharama 15, ubora 10, tarehe 5.

Wickham Skinner wa Harvard alilisema hili mwaka 1969, kwamba kiwanda kimoja hakiwezi kung'ara kwenye kila kipimo kwa wakati mmoja, na miaka mitano baadaye akashauri viwanda vipewe kazi chache zinazofanana. Wengine walimpinga wakitaja Wajapani, ambao walikuwa na ubora na gharama ndogo kwa pamoja. Wote wana pointi. Ubora ukipanda kweli, yaani makosa yakapungua, gharama inashuka yenyewe kwa sababu hurudii kazi. Lakini kuwa na saizi 60 tayari godauni na hapo hapo kuwa na gharama ya chini kuliko wote, kwa mashine zile zile, hiyo sijaona.

Usivuke hatua hii mpaka kila mmoja aweze kutaja kitu ambacho kiwanda kimekubali kuwa wa kawaida. Sisi tumekubali kuwa wa kawaida kwenye kasi kwa makandarasi. Inauma kidogo na inatakiwa iume.

## Hatua ya 4: Shusha uamuzi mpaka kwenye mashine

Hapa ndipo mikakati mingi inafia, kwa hiyo twende taratibu.

Gawa laini. Tuna laini nne za ekstruda, yaani mashine inayoyeyusha plastiki na kuisukuma itoke bomba. Mbili kubwa zinabaki na kazi za tenda, zinakimbia siku nyingi saizi moja. Mbili ndogo ni za maduka, zinabadilisha kalibu (kile chuma kinacholipa bomba umbo na saizi) mara kwa mara. Hata mameneja zamu wawe tofauti ikiwezekana, kwa sababu tabia ni mbili: mmoja anatakiwa achukie kusimamisha mashine, mwingine anatakiwa aone kubadilisha kalibu ni kazi ya kawaida.

Muda wa kubadilisha kalibu. Laini ya maduka ina saa 144 kwa wiki. Inabadilisha mara 6, kila mara saa 5, jumla saa 30, yaani zaidi ya asilimia 20 ya wiki mashine haitoi kitu. Mkipunguza mpaka saa 2, kwa kupasha kalibu joto kabla ya kusimamisha mashine, kuweka spana na bolti zote kwenye toroli moja, na kuacha kumtafuta mwenye ufunguo wa stoo, mnaokoa saa 18.

Sasa hizo saa 18 mnazifanyia nini? Watu wengi wanazijaza uzalishaji. Kwa laini ya maduka hilo ni kosa! Saa 30 zile zile sasa zinakupa kubadilisha mara 15 badala ya 6. Maana yake kila saizi inarudi mashineni haraka, bechi ni ndogo, godauni linapungua na bado duka linakuta kila kitu. Mkakati ulisema aina na kasi, basi muda uliookolewa unaenda kwenye aina na kasi. Kwenye laini ya tenda ingekuwa kinyume chake.

Malighafi. Hapa tahadhari na watu wanaoiga Toyota nusu nusu. Stoki ya karibu sufuri inafanya kazi kama msambazaji yuko jirani. Na hata huko Japani, tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin kule Kariya kiliungua, ndicho kilikuwa kinatengeneza karibu vali zote fulani za breki za Toyota, na Toyota ilikuwa na akiba ya saa chache tu, ikabidi isimamishe viwanda vyake vingi kwa siku kadhaa. Sasa wewe resini yako, yaani plastiki ghafi, inakuja kwa meli, bandari ina foleni zake, dola nayo ina siku zake. Weka akiba ya resini kwa makusudi na iandike kuwa ni bei ya uhakika wa tarehe. Punguza stoki ya mabomba, sio ya resini. Watu wanafanya kinyume: resini wanakatikiwa huku godauni limejaa bomba la milimita 160 ambalo halina mnunuzi.

Watu. Kiwanda cha magari cha General Motors (GM) kule Fremont, California kilifungwa 1982, kikafunguliwa tena 1984 kwa ubia na Toyota, na wafanyakazi wengi walikuwa wale wale waliokuwepo mwanzo. Ubora ukawa mwingine kabisa. Kilichobadilika ni namna kazi ilivyopangwa, mfanyakazi aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha laini akiona kasoro. GM wenyewe walihangaika miaka kuinakili hiyo kwenye viwanda vyao vingine. Kwa hiyo kabla hujaandika kwenye mkakati kwamba vijana ni wavivu, angalia kama opereta wako anaruhusiwa kusimamisha mashine usiku bila kumpigia mtu simu.

Matengenezo sina mengi: laini ya tenda ipewe spea kwanza, basi.

Hatua imekaa kama opereta wa zamu ya usiku anaweza kukwambia laini yake ni ya mteja gani na kwa nini leo anabadilisha kalibu mara tatu.

## Hatua ya 5: Hesabu hela kwa saa ya mashine inayobana

Kila kiwanda kina sehemu moja inayobana wengine wote. Kwetu ni ekstruda. Kwa saruji inaweza kuwa tanuri au kinu. Utaijua kwa macho: kazi imerundikana mbele yake, na walio nyuma yake wanasubiri.

Sasa chukua bei ya kuuza, toa gharama zinazobadilika, ule unaobaki ni mchango wa kila kilo. Bomba dogo linatuachia shilingi 700 kwa kilo, bomba kubwa 400. Mauzo wanashangilia dogo. Lakini dogo linatoka kilo 90 kwa saa na kubwa kilo 200.

Dogo: 700 mara 90, ni 63,000 kwa saa.
Kubwa: 400 mara 200, ni 80,000 kwa saa.

Na bado. Dogo likikimbia saa 20 linataka saa 3 za kubadilisha, ukigawa kwa saa zote 23 linashuka mpaka karibu 55,000. Bidhaa iliyoonekana ina faida ndogo ndiyo inayokulipa zaidi.

Angalieni mambo mawili lakini. Hesabu hii ina maana kama laini imejaa oda. Kama mashine inalala nusu ya wiki, saa yake haina bei, na hapo mchango wa kilo ndio unaongea. La pili, kuna bomba dogo ambalo peke yake halilipi ila ndilo linaloleta duka mlangoni. Usilifute kwa sababu ya Eksel, angalia kwanza invoisi zake zinabeba nini kingine.

Kikao hiki kikienda vizuri kitaleta ugomvi. Kama hakuna bidhaa hata moja iliyobadilisha nafasi kwenye orodha, rudieni hesabu, kuna mtu kaweka gharama za kudumu ndani.

## Hatua ya 6: Funga kila kipimo cha sakafuni na mstari wa mhasibu

Sheria yangu ni rahisi, kipimo kisichoweza kuoneshwa kinagusa mstari gani wa hesabu kitolewe ukutani. Vitano vinatosha.

Mfano wa karibu kabisa: uzito wa bomba. Bomba letu moja linatakiwa liwe kilo 1.50 kwa mita, mizani inasema 1.56. Asilimia 4. Opereta anaona ni usalama, mteja hajali, hakuna anayelalamika. Kiwanda kinakula tani 300 za resini kwa mwezi, na kama hali ni hiyo kwa mabomba yote, karibu tani 11 na nusu mnazigawa bure. Weka resini milioni 2.5 kwa tani, ni karibu milioni 29 kila mwezi.

Chanzo chake mara nyingi ni kalibu ambayo haijakaa katikati. Kata pete ya bomba, pima unene kwa venia (kipimo cha mkono cha milimita) sehemu nane kuzunguka. Ukikuta upande mmoja milimita 3.4 na mwingine 4.0 jua ndio hapo: kiwango kinadai unene wa chini ufikiwe kila upande, kwa hiyo opereta anaongeza plastiki bomba zima ili ule upande mwembamba upite. Rekebisha bolti za kalibu, pima tena, ndipo upunguze uzito.

Onyo kubwa: usishuke chini ya unene unaotakiwa hata kidogo, na usifidie kwa kumwaga kalsiamu (unga wa kujazia, wa bei rahisi kuliko resini) kwenye mchanganyiko. Bomba litapasuka ardhini, na kwenye Hatua ya 2 ubora ulikuwa tiketi ya mlangoni. Ukiipoteza tiketi bei haikusaidii kitu.

Vingine vya kufunga: oda zilizotoka kwa tarehe (zinagusa adhabu za mkataba na lini utalipwa), saizi zilizokosekana siku ya simu (zinagusa mauzo), saa za kubadilisha kalibu (zinagusa stoki na riba ya ovadrafti), chakavu.

Halafu bonasi. Kama supavaiza analipwa kwa tani, mkakati wote huu ni karatasi. Atakimbiza bomba kubwa mchana na usiku, tani zitapanda, godauni litafurika na duka la Kariakoo litaambiwa njoo wiki ijayo. Laini ya maduka ilipwe kwa saizi zilizokuwepo, laini ya tenda ilipwe kwa tarehe na gharama ya kilo. Fanyeni hili kabla ya kutangaza mkakati, wala sio baada.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye laini moja, na umuandae bosi kwa namba mbaya

Miezi mitatu, laini moja ya maduka, basi. Ukigusa zote nne kwa pamoja hutajua kilichosaidia ni mkakati au ni shilingi kuimarika.

Kuna mtego mmoja unaua mikakati mizuri kabisa. Stoki ikianza kupungua, faida ya kwenye vitabu inaweza kuonekana imeshuka. Chukua namba nyepesi, tofauti na zile za juu: gharama za kudumu ni milioni 200 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mnazalisha tani 500, mnauza 400. Kila tani inabebeshwa 400,000, zile tani 100 za godauni zinaondoka na milioni 40, kwa hiyo vitabu vinaonesha mmetumia 160 tu. Mwezi unaofuata mnazalisha 300, mnauza 400 zile zile. Sasa inaingia 200 yote pamoja na zile 40 za stoki, jumla 240. Mauzo hayajabadilika, faida imeanguka milioni 80, mkutano wa bodi unawaka moto.

Kumbe benki hali ni nzuri. Mmezalisha tani 200 pungufu, resini yake karibu milioni 500 hamjaitumia. Mhasibu anajua haya, ila ni lazima aandike barua ya ukurasa mmoja kwa bodi KABLA ya mwezi wa kwanza. Akiiandika baadaye inasomeka kama utetezi.

Dalili huwa zinakuja kwa mfuatano: saa za kubadilisha zinashuka, halafu saizi zinazokosekana zinapungua, halafu stoki, halafu hela benki, faida mwisho kabisa. Kama mwezi wa pili hata ya kwanza haijasogea, shida iko sakafuni. Mbili za kwanza zikisogea na hela haisogei, angalia wadeni, huenda mauzo wameanza kukopesha siku 90 ili waonekane wameuza.

## Hatua ya 8: Lini urudie

Pointi 100 zipigwe upya mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi kukitokea moja kati ya haya: mshindani mpya kafungua laini, bei ya resini imeruka na kukaa huko, kundi moja la wateja limevuka nusu ya mauzo, au umeme umebadilisha hesabu ya zamu. Bosi kutoka semina na neno jipya sio sababu.

Mkirudia anzeni na simu za oda zilizopotea, sio na ubao. Na yule mtu wa stoo awepo tena, maana ndiye anayejua ni bomba gani limekaa godauni mpaka limepauka.